Nyota nne kwa kijana wa takwimu pale Mwanga, Kigoma

Nilipanda bajaji kutoka Kibirizi na bahasha ya madodoso yangu. Akina mama 12 wauza dagaa, kila mmoja ameonja wa kuanikwa mchangani na wa kuanikwa kwenye chanja, akawapa alama kati ya 1 na 10. Steshenari ya kwanza mjini walinifanyia kipimo cha t cha sampuli huru, kile cha kulinganisha makundi mawili ya watu tofauti, utadhani nilikuwa na watu 24. Jibu: hakuna tofauti. 15,000 yangu ikaenda.

Huyu wa Mwanga kompyuta hata hakuiwasha. "Dada, hawa ni walewale?" Nikasema ndiyo. Akatoa karatasi yenye data za usingizi alizotumia William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, kwenye makala yake ya 1908: wagonjwa 10, dawa mbili. Ukiwahesabu kama makundi mawili tofauti, t ni 1.86, haifiki 2.10 inayotakiwa ili useme tofauti si ya bahati tu. Ukitoa namba ya mtu kwa dawa moja kwenye namba yake mwenyewe kwa dawa nyingine, t ni 4.06, na safari hii inatakiwa kuvuka 2.26 tu. Data zilezile! Nikamkumbuka mama mmoja ambaye hatoi zaidi ya 5, na jirani yake anayegawa 9 kama njugu. Ukitoa, uchoyo wa huyu na ukarimu wa yule vyote vinafutika.

Nikadhani tumemaliza. "Walianza kuonja dagaa gani?" Wote walianza na wa mchangani. Akacheka. Mtu ana chenga za mchanga menoni, wa chanja wataachaje kuwa watamu?

Njia nyingine, alisema, ni kupanga jozi: akina mama wawili wenye uzoefu sawa, kila mmoja aonje aina moja. Mambo ya dagaa gani kaanza yanakwisha, ila unahitaji watu 24, na jozi zikipangwa vibaya umepoteza bure digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa huru ulizonazo: unabaki na 11 badala ya 22. (Na mama gani wa Kibirizi atakutajia miaka yake ya kweli ya biashara?) Nikarudi mwaloni, nikaonjesha upya, sita wakianza na chanja, maji ya kusukutua katikati. Chanja bado ilishinda, kwa pengo dogo zaidi.

Alinitoza 25,000. Nyota moja nimeikata kwa sababu umeme ulikatika saa nne, tukakaa hadi saa nane bila hata feni. Nenda na flashi ambayo huna uchungu nayo, maana yangu ilirudi na virusi.