Ndimu ya unga kwa vyombo vya stenlesi: tathmini ya mtengenezaji wa mvinyo wa asali, Tabora

Kwa sisi tunaotengeneza mvinyo wa asali nyumbani hapa Tabora, ndimu ya unga (asidi ya sitriki) inayouzwa madukani kwa ajili ya mapishi ni dawa bora ya kutunzia sufuria na mapipa ya stenlesi, mradi mtumiaji ajue mahali kazi yake inapoishia. Ninaipendekeza bila kusita, ingawa namna inavyofungashwa inanikera.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromiamu iliyochanganywa ndani yake, ambayo katika aina ya 304, inayotumika sana kwa vyombo vya chakula, ni takriban asilimia 18. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio kinga yenyewe. Chembe za chuma cha kawaida zinazoachwa na brashi ya waya, stilwaya au vifaa vya fundi hushika kutu juu yake. Ndimu huziyeyusha chembe hizo na kuuacha utando ujijenge upya. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM A967 kinakubali myeyusho wa ndimu hiyo wa asilimia 4 hadi 10 kwa angalau dakika 20 katika joto la nyuzi 21 hadi 49, kwa hiyo gramu 50 katika lita moja ya maji ya vuguvugu zinatosha. Madoa ya kutu yaliyokuwa kandokando ya koki ya sufuria yangu yalitoka yote. Rangi ya buluu iliyosababishwa na joto la kulehemu haikutoka, wala sikuitarajia itoke kwa ndimu peke yake.

Isichokiweza kabisa ni nta. Asali yetu ya miombo, hasa ile iliyokamuliwa kwa mkono kutoka mizinga ya magome, huja na nta na gundi ya nyuki zinazoganda ukingoni mwa chombo, na kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kuisugua kwa maji baridi ni kuisambaza tu. Hapo hutangulia magadi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 za maji ya moto sana, huku mikono ikiwa ndani ya glavu. Chombo kikisuuzwa vizuri ndipo ndimu ifuate. Mpangilio huohuo unawafaa wanaopika bia ya nafaka, ambao vyombo vyao hujenga ukoga mgumu wa kalsiamu usiotoka kwa magadi pekee. Sufuria za alumini zisiguswe na magadi, kwani huliwa. Koki nayo ifunguliwe vipande vyote, kwa sababu uchafu unaoharibu mvinyo hujificha nyuma ya gasketi, mahali ambapo hakuna dawa inayofika ikiwa imefungwa.

Wengi hupendelea dawa ya madoa yenye klorini kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ninawasihi waiache: kloridi hutoboa ule utando na kuacha vishimo visivyozibika, na ikichanganyika na ndimu hutoa gesi ya sumu. Ndimu pia isichukuliwe kuwa dawa ya kuua vijidudu. Kabla ya kumimina asali, chombo kilichosafishwa bado kinahitaji maji yanayochemka.

Kuhusu ufungashaji, duka ninalonunua huipima kwenye mifuko ya nailoni isiyo na maandishi yoyote, na unga mweupe usio na jina katika nyumba yenye magadi, chumvi na sukari ni hatari ya wazi, hasa kwa watoto. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, ndimu huvuta unyevu na kuwa mabonge, ingawa mabonge hayo huyeyuka na kufanya kazi ileile. Anayeinunua aihamishie mara moja kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaobana, aandike jina lake juu yake, na aitenge mbali na magadi.