Seti ya kemshafti na tapeti zake, nzuri ila grisi wamebania

Kilichonifurahisha ni kwamba kemshafti (ile shafti ya injini yenye nundu za kufungulia valvu) inakuja na tapeti mpya za kwake (vile vipande vinavyosukumwa na nundu), maana kufungia tapeti za zamani kwenye kemshafti mpya ni kuiua tu, zile zishajizoelea nundu zingine. Nimeweka rula juu ya uso wa tapeti nikaona kamwinuko kadogo sana katikati, safi, ndo inavyotakiwa ili izunguke ikiwa kazini, isipozunguka inakula nundu fasta. Grisi ya kufungia wamebania aisee, nikaongezea ya kwangu, halafu karatasi ya maelekezo haisemi kabisa kwamba ukiwasha mara ya kwanza usiiache ingurume polepole, shikilia mizunguko 2000 hivi kwa kila dakika, kwa muda wa dakika 20, na oili iwe na zinki ya kutosha. Nyota 4.