Keria ya baiskeli inapimwa kwenye rasta: uzoefu wangu na Toyota IST

Nina Toyota IST ya 2004, baiskeli mbili, na mke anayependa vilima kuliko mimi. Baiskeli yangu ni ya gia, mtumba, fremu ya alumini, kilo 14 kwa mzani wa muuza mchele wa mtaani kwetu. Ya mke wangu ni ile yenye bomba la juu lililoshuka chini, "ya kike" kama tulivyozoea kuiita, na pamoja na kikapu chake inafika kilo 16. Tunakaa Dar es Salaam. Wikiendi tunakwenda Pugu au Bagamoyo, na mara moja kwa mwaka tunapanda Lushoto. Ndani ya miaka mitatu nimezibeba baiskeli hizi kwa gari hili kwa njia tatu, mbili kati yake kwa hasara.

Nianze na ile ya bure. Kama baiskeli ni moja, usinunue kitu. Laza viti vya nyuma, toa gurudumu la mbele, iingize kwa nyuma upande wa gia ukiwa juu. IST inaimeza bila shida. Mambo mawili tu. Kama breki zako ni za diski na za mafuta, kunja kipande cha katoni ukibane pale diski inapokaa, kwa sababu mtu akikamata breki gurudumu likiwa limetoka, pedi zinakutana na kuzitenganisha ni kazi ya jioni nzima. La pili, funika mnyororo. Mimi niliufunika kwa kanga iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ile mke wangu aliyopewa na mama yangu siku ya harusi. Sitaendelea na habari hiyo.

Zikiwa mbili, ndani hazikai pamoja na watu. Ndipo nikaenda Kariakoo.

Ya kwanza kununua ilikuwa keria ya mikanda, ile inayoegemea mlango wa nyuma. Fremu ya bomba inayokunjwa, mikono miwili ya kuninginizia, sponji za kuegemea bodi, na mikanda sita yenye kulabu: miwili juu, miwili pembeni, miwili chini. Shilingi 150,000 baada ya kubishana. Muuzaji alinihakikishia kwamba inaingia gari lolote. Kijana huyo hakutoka dukani kuliangalia gari langu, nami sikumwomba atoke. Hapo kosa ni letu sote.

Mlango wa nyuma wa IST yangu una spoila ya plastiki juu. Kulabu za juu zinatakiwa zishike ukingo wa chuma cha mlango. Zangu zilikuta plastiki. Nilizisukuma hadi zikapata chuma pembeni, lakini mikanda ikawa inapita juu ya spoila kwa mshazari, na kila nikikaza nasikia plastiki ikilia. Mtu mwenye busara angeishia pale. Mimi nilikuwa nimeshawaahidi watu Bagamoyo.

Mpaka Tegeta mambo yalikuwa shwari. Bunju tukasimamishwa.

"Kaka, namba ya gari hili niisome wapi?"

"Ipo nyuma ya gurudumu, afande."

Hakukasirika. Alizunguka nyuma, akainama, akaniambia niwashe indiketa, ya kushoto ikaonekana nusu. Alikuwa na haki yote. Baiskeli zikining'inia pale, pleti namba inafichwa, taa za breki zinafichwa, na dereva wa nyuma yako hajui unakata wapi. Tulitoa gurudumu la mbele la baiskeli ya nje, tukaisogeza fremu juu kidogo, na afande akasubiri mpaka herufi ya mwisho ikaonekana. Tangu siku ile, ninapoiona gari imebeba baiskeli nyuma, ninaangalia kwanza taa.

Halafu zikaja rasta, ile mistari ya vituta vidogo vinavyofuatana barabarani. Tuta unaliona, unapunguza mwendo, gari linapanda na kushuka mara moja. Rasta ni mtikisiko mfupimfupi unaorudiwa, na huo ndio unaolegeza bizimu. Baada ya seti ya pili ya rasta nilisimama kukagua, mkanda mmoja wa chini ulikuwa unapepea na kulabu yake haipo. Tairi la baiskeli ya mke wangu lilikuwa limeshuka mpaka karibu shibiri moja kutoka kwenye ekzosi. Kwa ile safari tulimalizia na ukanda wa mpira wa ndani wa pikipiki, ule ambao kila bodaboda anao chini ya siti. Ulishika kuliko mikanda yote sita.

Baiskeli yenye bomba lililoshuka nayo ina tatizo lake kwenye keria za kuninginiza. Mikono inataka bomba la juu lililo sawa na ardhi. Ukiininginiza ya kike inalala upande, pedeli inaingia kwenye spoki za mwenzake. Kuna kipande cha chuma cha kufunga kati ya siti na usukani kuigiza bomba la juu, kinauzwa peke yake. Sikulijua hilo mpaka nilipokuwa na mchubuko wa kunifundisha.

Hasara kubwa niliiona nyumbani, baada ya kuosha gari. Chini ya kila sponji kulikuwa na duara limefubaa. Vumbi linanasa kati ya sponji na rangi, gari linatikisika kilomita sitini, na hapo umepiga msasa kwa mkono wako mwenyewe. Haikuhitaji safari nyingi, moja ilitosha. Anayetumia keria ya aina hii aoshe bodi na sponji kila mara kabla ya kufunga, na asimame kukaza mikanda baada ya kilomita chache za mwanzo bila kungoja isikike sauti. Na akumbuke kwamba maji ya kunywa na chakula vikikaa kwenye buti, vimekaa, maana mlango haufunguki mpaka baiskeli zishuke.

Shemeji yangu akanishauri niweke chuma cha kuvutia tela, kisha keria ya jukwaa juu yake: magurudumu yanakaa kwenye mifereji, baiskeli zimesimama, unanyanyua mpaka gotini tu. Yeye anayo kwenye gari lake kubwa na nimeitumia safari moja. Kwa ukweli, ndiyo bora kuliko zote. Haigusi rangi, haigusi fremu kwa nguvu, ya kwake inainama nyuma ukitaka kufungua buti, na ina taa zake na sehemu ya kuweka namba. Lakini magari yetu mengi yaliyotumika Japani yanakuja bila chuma hicho. Fundi mmoja wa kuchomelea aliniambia atanitengenezea kwa bomba la mraba kwa siku moja na kukichomelea "hapo hapo kwenye bampa". Bampa ya IST ni plastiki. Chuma cha namna hiyo kinafungwa kwa bolti kwenye mihimili ya bodi yenyewe, na kichwa chake kina kikomo cha uzito unaokikandamiza, ambacho keria na baiskeli kwa pamoja havitakiwi kukizidi. Nilimshukuru fundi, nikaondoka. Mwenye gari kama Prado lenye tairi la akiba mlangoni ana njia nyingine, kuna keria zinazofungwa kwenye tairi hilo, ila hizo sijazijaribu.

Basi nikapanda juu, na ndiko nilipo mpaka leo: vyuma viwili vinavyokatiza paa, na mifereji miwili yenye mikono.

Paa la IST yangu ni tupu, halina reli. Vyuma vinasimama kwa miguu yenye kucha zinazoingia ukingoni mwa mlango, chini ya raba. Hapa usinunue kwa kukadiria. Kucha zinatakiwa ziwe za umbo la paa la gari lako. Kampuni kama Thule ya Sweden huuza miguu mbali na kucha, na kucha zenyewe zina namba kwa kila aina ya gari. Zangu si Thule, ni za bei ya mfuko wangu, lakini safari hii nilimtoa muuzaji dukani. Tulifunga pale pale barabarani, nikavishika vyuma kwa mikono miwili na kuvivuta. Gari zima likayumba, vyuma havikusogea. Hicho ndicho kipimo changu: ukivuta, litikisike gari, isitikisike keria.

Kuhusu uzito, kasha la vyuma liliandikwa kilo 75. Kasha halilijui paa lako. Kuna kikomo cha gari, cha vyuma, na cha mfereji mmoja mmoja, na unafuata kilicho kidogo. Uzito wa vyuma na mifereji nao unahesabiwa. Baiskeli zetu kilo 30, vifaa kilo 11 hivi, jumla 41. Mifereji ya juu inayojulikana, kama ProRide 598 ya Thule, inabeba kilo 20 kwa baiskeli. Kwa hiyo Phoenix ya babu, na stendi yake na keria yake ya nyuma, fikiria mara mbili kabla ya kuipandisha, na baiskeli ya umeme itoe kwanza betri, kisha uipime. Fremu ya kaboni nayo isibanwe na taya, itafutiwe mfereji unaoshika gurudumu peke yake.

Jinsi mfereji unavyofanya kazi: magurudumu yanakaa mferejini, mkono mmoja unanyanyuka na taya yake inabana bomba la chini la fremu, kisha kila gurudumu linafungwa kwa mkanda wenye meno. Ya mke wangu, na lile bomba lake, imekaa bila ugomvi. Kazi ni kunyanyua. Kilo 16 juu ya kichwa si mchezo, na mke wangu hafiki. Tunatumia stuli ya plastiki ya jikoni, inasafiri nasi kama mtoto wa tatu. Kabla ya kunyanyua toa chupa, pampu, kikapu, taa. Chupa yangu moja iliruka Mkata na sikurudi kuitafuta.

Safari ya Lushoto ndiyo iliyoniridhisha. Tulipitia Bagamoyo na Msata, tukashika barabara ya Segera. Rasta zote, matuta yote, hakuna kilicholegea. Nilikuwa nimepiga alama ya wino mweupe kwenye kila nati, na Segera alama zote zilikuwa mahali pake. Mwendo wangu haukuzidi 80, si kwa uoga wa tochi za trafiki pekee: basi likikupita kwa kasi, upepo unashika zile fremu kama tanga na gari linasukumwa pembeni. Mafuta nayo yanalipa. Gari langu huenda kilomita 15 kwa lita njia kuu, siku ile lilikwenda 12. Vyuma vikiwa vitupu vinapiga mluzi kuanzia 60, mpaka ukaongeza sauti ya redio. Kutoka Mombo kupanda, kona zile zote mpaka Soni, nilitegemea baiskeli zingeyumba. Hazikuyumba.

Kilichoniangusha ni Korogwe, tulipokata kwenda kumsalimia shangazi. Gari lina sentimita 153, ukiweka baiskeli juu unakaribia mita 2 na sentimita 70. Kichwani mwangu lilikuwa bado IST. Nikaingia uani kama ninavyoingia siku zote, chini ya mwembe. Tawi likakamata siti ya baiskeli yangu, sauti ikaja kama mtu amekanyaga bati.

Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Hakusimama.

"Mwanangu, nimezoea kuona watu wakipanda baiskeli. Leo baiskeli imepanda gari, na bado haikuridhika, inataka embe."

Siti ilizunguka robo, mfereji ulipinda kidogo mbele na nimeunyoosha kwa nyundo ya mpira. Paa halikuguswa. Sasa kwenye dashibodi nimebandika karatasi: 2.7. Mageti mengi ya maegesho ya chini yameandikwa 2.1, na ukiwa na baridi ya kiyoyozi na hamu ya chakula utasahau. Siti zenyewe nazifunika mvua isizinyeshee. Zamani ningetumia rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo natumia kofia za kuogea. Zinakaa vizuri kuliko nilivyotarajia, ila watoto wa Mombo walicheka sana.

Gharama yote ya juu: vyuma 180,000, mifereji miwili 190,000. Kufuli za mikono ni za kuonyesha tu, ufunguo wake unafanana na wa kasha la penseli. Tukisimama kula napitisha mnyororo wangu wa kawaida katikati ya fremu na vyuma. Tukirudi nyumbani navua kila kitu, dakika ishirini, kwa sababu ya ule mluzi na ule mwembe.

Keria ya mikanda nimempa shemeji mwingine, mwenye Corolla. Sedani yake haina spoila, kulabu zinapata chuma moja kwa moja, na sponji nimezishonea vitambaa vipya vya kufua. Anaipenda. Juzi alinipigia kuuliza kulabu ya sita iko wapi. Nimemwambia ipo njia ya Bagamoyo, baada ya rasta za Kerege, upande wa kushoto.