Pinotage na Kahawa Meza Moja: Tumezijaribu kwa Joto la Mombasa

Hamjambo watazamaji, karibuni mezani. Mbele yetu leo kuna chupa ya Pinotage ya Afrika Kusini, ile inayoitwa Pinotage ya kahawa. Kuna pakiti ya kahawa ya AA kutoka Nyeri, punje nzima. Na kuna dele la kahawa tungu, lingali moto. Twataka kujua kama mvinyo na kahawa vyaweza kunywewa kikao kimoja pasi kimoja kuharibu kingine. Vyaweza, lakini kwa joto hili la pwani ukikosea kidogo vyote viwili vinakwenda na maji.

Tuanze na chupa. Pinotage ni mzabibu uliozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Izak Perold, kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Mtindo huu wa kahawa ulikuja baadaye sana, katika shamba la Diemersfontein, mwaka 2001. Wengi hudhani mna kahawa ndani. Hamna hata punje. Zabibu huchachushwa pamoja na mbao za mwaloni zilizochomwa sana, na hamira inapofanya kazi juu ya mbao hizo hutokea kemikali ya salfa iitwayo fufurilithioli. Kemikali hiyohiyo ndiyo mojawapo ya zinazoipa kahawa iliyokaangwa harufu yake. Kwa hiyo ukinusa ukasema "mbona hii kahawa?", pua yako iko sawa kabisa.

Sasa angalieni glasi hizi mbili. Ya kushoto imetoka kabatini moja kwa moja, nyuzi 30. Ukisogeza pua, kinachotangulia ni spiriti, kisha moshi, na tunda huliskii. Ya kulia imepozwa hadi nyuzi 16. Hapa kuna forosadi, kuna chokoleti, halafu ndiyo ile kahawa inafuata nyuma taratibu. Chupa ni moja! Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba wanazungumzia chumba cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, si chumba cha Mombasa mwezi wa Februari.

Kuupoza ni hivi: ndoo, nusu barafu nusu maji, kijiko kikubwa cha chumvi, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 15. Barafu tupu haifai, maana inaacha nafasi za hewa na chupa inagusana na vipande vichache tu. Friji yaweza, ila yataka saa moja na nusu hivi. Na mimina theluthi ya glasi, usijaze, kwani kwa hewa yetu mvinyo unapata joto upesi ukiwa mezani.

Dukani, tazama kizibo kabla ya kutazama bei. Kikiwa kimeinuka, au kuna mchirizi unaonata shingoni, chupa hiyo imepigwa na joto njiani au dirishani. Irudishe rafuni.

Tuje kwenye kahawa. AA ni ukubwa wa punje tu, si cheo cha ladha. AB, yenye punje ndogo kidogo, ikiwa nzuri huishinda AA mbovu. Tumechagua kahawa ya Kenya kwa sababu ya ukali wake wa matunda, unaofanana na wa mvinyo. Utafute iliyokaangwa rangi ya kahawia ya kati. Ikiwa nyeusi na inang'aa mafuta, ukali ule umeshaungua. Nunua gramu 250, saga unapotaka kunywa, na uhifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri. Unyevu wa pwani huichakaza kahawa iliyosagwa kwa siku chache.

Kipimo: gramu 15 kwa mililita 250 za maji, usage kama mchanga mnene. Itie kwenye chujio, mimina mililita 40 kwanza, ngoja sekunde 30 ivimbe, kisha malizia polepole. Yote ichuje ndani ya dakika 3. Ikikawia, umesaga laini mno, utapata uchungu.

Jambo la maji halisemwi vya kutosha. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ndiyo maana maelekezo mengi ya huko husema mimina mara tu birika linapochemka. Huku ufukweni yanafika 100. Fungua kifuniko, ngoja dakika moja ndipo umimine. Na usitumie maji ya kisima. Chumvichumvi yake inaua ukali wote wa kahawa na unabaki na kitu bapa kama maji ya ubao.

Mpangilio: mvinyo kwanza, pamoja na mishkaki, kwa kuwa mafuta na chumvi ya nyama hulainisha tanini, ule ukakasi wa mvinyo unaokausha kinywa. Pilipili punguza, huwasha spiriti. Kisha glasi ya maji, dakika kama 10, ndipo kahawa, ikiwa vuguvugu. Usibadilishane funda kwa funda. Tanini hukamata mate, na kahawa inayofuata inakuta ulimi mkavu; unabaki na ladha ya jivu.

Na dele? Hapa hatukubaliani na wanaolichanganya na Pinotage. Kahawa tungu imekaa juu ya makaa, ina tangawizi, uchungu wake ni wa makusudi. Mwenzake ni halua au kashata, si mvinyo mkavu, yaani usio na utamu. Ukishakula halua kisha ukarudi kwenye Pinotage, mvinyo utakuwa mchachu kama ndimu. Ukitaka lazima mvinyo na dele, chukua mvinyo mtamu, hata ule mwekundu mtamu wa Dodoma, uliopozwa vizuri.

Kwa msiotumia kileo, kuna njia nzuri sana: maji ya ukwaju, sukari kidogo, baridi. Asidi kuu ya ukwaju ni ya tartari, ileile ya zabibu. Kunywa na mishkaki, kisha kahawa ya AA, mpangilio uleule. Sisi twaona huu ndio uwiano uliokaa vizuri kuliko yote mezani leo.

Pinotage tunaipitisha, kwa sharti la ndoo ya barafu. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya chupa zimezidishwa mbao, zinanuka moshi na utamu tu. Na kahawa haimtoi mtu ulevi hata akinywa dele zima. Usishike usukani kuvuka Nyali.

Ikibaki nusu chupa, izibe, itie kwenye friji ikiwa imesimama, na uimalize ndani ya siku 3. Harufu ya kahawa ndiyo itakayotangulia kuondoka.