Misheni ya kiangazi: Tijuana au Appalachia?

Kwa vikundi vingi vya vijana wa makanisa ya Marekani vinavyokwenda misheni, yaani safari ya kujitolea kujenga nyumba, Tijuana, mji wa Meksiko, ndiyo "ng'ambo" iliyo karibu: ukivuka mpaka kutoka San Diego umefika. Vijana huchanganya zege kwa mikono, hupigilia misumari, na nyumba ndogo ya mbao husimama ndani ya siku chache. Wakati wa kurudi, hata pasipoti si lazima: raia wa Marekani chini ya miaka 19 anayerudi kwa nchi kavu na kundi la kanisa anaruhusiwa kutumia cheti cha kuzaliwa. Ila mafundi wapo Tijuana, tena wanaijua kazi hiyo kuliko mtoto wa miaka 15.

Appalachia, eneo la milima mashariki mwa Marekani, haina picha za kujivunia. Appalachia Service Project, shirika lililoanzishwa 1969, huwapeleka vijana kukarabati paa, sakafu na ngazi za nyumba za watu wa kipato cha chini Kentucky, Tennessee na kwingineko. Mwenye nyumba huongea nao bila mkalimani, na kikundi cha wiki inayofuata huendeleza kazi iliyobaki.

Mimi ningechagua Appalachia, isipokuwa kanisa lina ushirika wa muda mrefu na Wakristo wa Tijuana, na wenyeji ndio wanaopanga kazi.