Kishikio laini cha mwamvuli wa akiba: tathmini ya mrukaji wa Dodoma
Katika frifulai, mtindo wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwamvuli (parachuti) ambapo warukaji, kabla ya kuufungua, hushuka wakiwa wameketi au kichwa chini, mara nyingi kwa kasi inayozidi kilomita 240 kwa saa na wakiwa wamekaribiana mno, nakipendelea kishikio laini cha kitambaa cha kuvuta ili kufungua mwamvuli wa akiba kuliko pete ya chuma. Pete inaweza kunaswa na mguu au mkono wa mwenzako na kufungua mwamvuli wa akiba bila kutarajiwa, na kwa kasi hiyo mshtuko wake unaweza kuua.

Pete nayo ina ubora wake, kwani kidole gumba huingia kwa urahisi hata ukiwa na glavu, ilhali kishikio laini sharti ukikamate kwa ngumi nzima. Tena hiki, kilichopo kushoto, hufanana na kile cha kulia cha kuachia mwamvuli mkuu wenye hitilafu. Ndiyo maana nilichagua chenye rangi tofauti na kiini kigumu kinachotambulika kwa kupapasa.

Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi hudhoofisha velkro (utepe wa kunatisha) inayokishikilia, kwa hiyo huisugua kwa mswaki mkavu. Kukibadilisha ni kazi ya fundi wa miavuli aliyeidhinishwa, kwa sababu kimeungana na waya wa pini inayofunga mwamvuli wa akiba, ambao hulazimika kukunjwa upya.