Gundam ya Sentimita 12.5 Kutoka Darajani

Duka lenyewe ni dogo, limejibana katika kichochoro cha nyuma ya soko la Darajani baina ya wauza vitambaa na mafundi simu. Juu ya kabati lake la vioo, kando ya magari ya plastiki ya watoto, nililikuta sanduku la vipande vya kuunganisha vya Gundam RX-78-2, roboti wa katuni za Kijapani, la daraja liitwalo High Grade, lenye uwiano wa 1 kwa 144, nikalinunua kwa shilingi 80,000 baada ya kupatana kwa muda mrefu na muuzaji aliyeamini kuwa anauza mwanasesere.

Gundam, mfululizo wa katuni, ilianza kuoneshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1979, ikiongozwa na Yoshiyuki Tomino, na kilichoipambanua ni kwamba roboti wake si jini mlinzi, bali ni chombo cha vita kinachoharibika na kungojea vipuri. Katika Mazinger Z, katuni nyengine ya roboti ya mwaka 1972, rubani hutua na kijindege chake kichwani mwa roboti. Katika Gundam rubani huketi kiwiliwilini, ndani ya kijindege kinachoweza kuchomoka kikamwokoa. Watazamaji walikuwa wachache, mfululizo ukakatizwa kwenye sehemu ya 43, na miongoni mwa vilivyoufufua ni masanduku ya namna hii, ambayo kampuni ya Bandai ilianza kuyauza mwaka 1980 kwa yeni 300.

Masanduku ya wakati ule yalihitaji gundi na rangi, hili halihitaji. Vipande huja vimeshikamana na fremu zenye rangi mbalimbali, nawe huvikata, ukavisugua kwa msasa laini, kisha ukavibana kimoja ndani ya chenziwe mpaka visikike vimeingia. Nilikumbuka mtepe, chombo cha kale cha baharini, uliokuwa ukioneshwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka mwaka 2020, ulioshonwa kwa kamba pasi na msumari, ingawa fundi wa mtepe huenda angenicheka. Maelezo yameandikwa Kijapani, lakini michoro inatosha kabisa. Viungo vya magoti na viwiko vimebuniwa kwa ustadi, na roboti husimama bila ya kuegemezwa, wakati ile ya kimo kamili cha mita 18 iliyozinduliwa Yokohama mwaka 2020, iliyoweza kutembeza miguu na kukunja vidole, ilishikiliwa kiunoni na mtambo.

Dukani ndiko kwenye kasoro. Sanduku lilikuwa limekwishafunguliwa, na gundi ya stika imekauka kwa kuachwa juani; nilipomrejea muuzaji alinijibu, "Sheikh wangu, kikishatoka hakirudi." Koleo za kukatia vipande hana, kwa hivyo nilitumia kikata kucha, nacho kimeacha alama nyeupe mabegani ambazo msasa haukuziondoa. Atakayekwenda na alifungue sanduku pale pale, ahesabu fremu, ndipo atoe fedha.

Mpwa wangu, anayesoma skuli ya msingi, alimgeuza roboti mara mbili akauliza, "Mjomba, mtu anaingilia wapi?" Nilimwonesha kiwiliwili, nikamwambia kuwa kwa uwiano huu rubani angekuwa na kimo cha sentimita 1.2 hivi. Akaenda jikoni, akarudi na karafuu moja kavu, akailaza kifuani mwa roboti, na hapo ndipo ilipo hadi leo.